Ukishindwa kusema shikamoo, punguza mwendo

Mi nina miaka 41 na naomba niseme mapema kabisa kwamba sijawahi kuwa mtu wa mazoezi. Shuleni siku ya michezo nilikuwa yule anayewashikia wenzake nguo, wakimaliza kukimbia wanakuja kuchukua masweta yao kwangu. Kazi yangu ni steshenari hapa Moshi mjini, nakaa kwenye kiti toka saa 2 asubuhi mpaka saa 1 jioni natoa kopi, naprinti sivii za watu, nalamineti vyeti, na safari yangu ndefu kwa siku ni kwenda kwa mama ntilie wa jirani na kurudi.

Sasa mwezi wa 9 mwaka 2025 shule anayosoma binti yangu wa mwisho walikuwa na siku ya wazazi, wakaweka mbio za akina mama, mita 100 tu, goli hadi goli. Nikavua viatu nikafunga kanga kiunoni nikatoka kama nimeibiwa simu. Mita 40 za kwanza naongoza, nasikia watu wanashangilia, nikajiona. Halafu kitu kikakata, yani sijui niseme nini, kifua kinawaka, miguu imekuwa ya mtu mwingine, nikaishia katikati ya uwanja nimeshika magoti na wenzangu wananipita mmoja mmoja mpaka mama aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ananiangalia. Baadae nikaja kuambiwa binti yangu aliulizwa na mwenzake "yule ni mama yako?" akajibu hapana, ni mama yangu mdogo.

Na ndo wiki hiyohiyo Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathon kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo. Jumatatu ile, tarehe 15, nimeamka tu status zote ni yeye. Mnakumbuka ile video, Mjerumani Petros yuko mbele wanaingia uwanjani, unasema hapa imeshaisha, halafu Simbu huyo anamfikia kwenye mstari kabisa, wote wakaandikiwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wametengana kwa sekunde 0.03. Mi nilivyo na ushamba nikachukua kalkuleta ya dukani nikagawanya, kumbe huyu mtu kila kilomita alikuwa anatumia kama dakika 3 na sekunde 5, na anafanya hivyo mara 42. Mimi kilomita moja sijui hata ni kutoka wapi mpaka wapi. Kichwani nikaunganisha mambo mawili yasiyohusiana, aibu ya uwanjani na dhahabu ya Tokyo, nikasema kesho naanza.

Naishi Pasua. Wa Moshi mnajua mji wetu una juu na chini, juu ni mlimani, chini ni kwenye mashamba ya miwa. Asubuhi saa 12 na robo nikatoka nikashika barabara ya TPC, kile kiwanda cha sukari, kushuka, na nawaambia nilikuwa naruka, hewa ya baridi, mlima uko wazi mgongoni, miguu inakwenda yenyewe nikawa najiuliza hiki kipaji kilikuwa wapi siku zote. Nikafika mbali tu. Nikageuka. Aisee. Barabara yote niliyoshuka nikiimba ilikuwa inanisubiri nipande, na kwa macho huoni kilima chochote unaona njia imenyooka tu, mapaja ndo yanakwambia ukweli. Nikakimbia kidogo, nikatembea, nikakaa kwenye jiwe. Boda akasimama akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mama pole, ni mbwa?" Nikapanda, buku mpaka nyumbani. Siku tatu zilizofuata kuchuchumaa chooni ulikuwa mtihani, nashika ukuta kwenda chini na nashika ukuta kuja juu.

Mwenye akili angejifunza. Mi nikarudia vilevile wiki mbili nzima, kila nikitoka natoka na kasi ya siku ya wazazi, dakika 4 nimekata pumzi, kichomi upande wa kulia, natembea mpaka kiishe halafu naanza tena na kasi ileile kama nagombana na mtu. Baada ya hapo ugoko ukaanza kuuma, ile mifupa ya mbele, nikigusa tu naruka. Nikasema basi, hii kitu ni ya watu wa Mbulu na Singida wanakotoka wakimbiaji, sisi wengine tumeumbwa kwa ajili ya viti.

Aliyeniokoa ni meku mmoja, yani mzee kwa Kichagga, mlinzi, analinda godauni njiani pale, asubuhi anakuwa amekaa kwenye kigoda anasubiri mwenzake wa mchana aje kumpokea. Kila siku nampita na kila siku namwamkia maana huwezi kupita mzee hivihivi hata kama unakufa. Sasa siku hiyo nikasema "shika..." na ile moo ikagoma, ikabaki kifuani. Akacheka. Akaniita, "Mwanangu njoo hapa. Unakimbilia nini?" Nikamwambia mazoezi. Akasema mazoezi gani hayo mtu hawezi hata kuamkia. Kumbe zamani alikuwa anakimbia jeshini, akanipa sheria moja tu: "Ukipita hapa ukashindwa kunipa shikamoo nzima na kujibu hujambo, unakimbia sana. Punguza. Ukiweza kuniimbia, unatembea wewe, ongeza."

Na akanipangia kwa nguzo za umeme. Kimbia nguzo moja, tembea nguzo mbili. Ukizoea, kimbia moja tembea moja. Halafu kimbia mbili tembea moja. Hamna saa, hamna programu ya simu, nguzo tu.

Nilipoanza kupunguza ndo nikagundua kitu cha aibu, mwendo ambao naweza kusema shikamoo ulikuwa ni mwendo wa kutembea kwa haraka wa mtu mwingine. Yani dakika 9 na kitu kwa kilomita. Siku moja Jumamosi nikaenda kujaribu upande wa juu, njia ya hospitali ya KCMC, wakati wa kushuka nimejiachia najiona nakimbia, bibi mmoja anayepeleka ndizi sokoni, mkungu kichwani, hajaushika hata kwa mkono, akanipita. Kwa miguu. Anatembea. Akageuka shingo yote na mkungu wake akasema "kaza mwanangu." Nililazimika kucheka. Lakini siku hiyo nilirudi nyumbani bila kichomi, mara ya kwanza toka nianze.

Nimekuja kusoma baadae kwamba meku hakuwa anatania. Ukikimbia kiasi cha kuweza kuongea, moyo na mapafu vinamudu kupeleka hewa kwenye misuli, ukizidisha hapo unakopa, na deni linadaiwa palepale. Halafu pumzi huwa inakua haraka, wiki chache tu unaona tofauti, ila mifupa na zile kano zinazoshika misuli kwenye mifupa vinachelewa sana kuzoea, ndo maana watu wengi wanaoanza wanaumia pale wanapoanza kujisikia vizuri. Ugoko wangu ulikuwa hivyo. Nikapumzika siku 10, nikarudi kwa siku 3 za wiki, Jumanne Alhamisi Jumamosi, na kila siku moja ya kukimbia inafuatiwa na ya kupumzika, haujaniuma tena.

Viatu nisiseme sana. Raba za kwanza nilinunua Memorial, soko letu la mitumba, kwa sababu ya rangi, pinki na kijani, zilikuwa zinanibana kidogo nikajipa moyo zitatanuka. Kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi, ikang'oka mwezi wa 11. Mara ya pili kijana aliyekuwa anauza akanifundisha mwenyewe, simama wima, weka kidole gumba cha mkono mbele ya vidole vya mguu, kikiingia poa, geuza soli uangalie kisigino, kikiwa kimelika upande mmoja achana nacho huyo mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake. 25,000 tukaelewana. Rangi mbaya, kijivu kama simenti, navipenda balaa.

Mengine ni ya kawaida. Watu wanaongea. "Mama unakimbizwa na nani?" hiyo nimeisikia mpaka imechuja, kuna mmoja aliniuliza napungua kwa ajili ya nani, nikamwambia kwa ajili yako, akanyamaza. Giza sitoki, nasubiri kupambazuke. Mwezi wa 11 mvua za vuli zikafanya njia tope tupu, mwezi huu wa kwanza ni joto, ikifika saa 2 na nusu jua la Moshi linakupiga kofi, ukichelewa kitandani umeshakosa siku. Na kama unakimbia ili upungue, mi nilipungua kilo 2, nikasherehekea kwa mtori na chapati, zikarudi. Ila ngazi za benki saivi napanda huku naongea na simu.

Nimejiandikisha Kili Marathon ya mwisho wa mwezi wa 2, pale uwanja wa Ushirika, na kabla hujanipongeza ni zile kilomita 5, zile watu wanakimbia na watoto na wengine wanatembea wanapiga selfi. Mbio hizi zipo toka 2003 na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikizilalamikia kwa kufunga barabara. Wale wa 21 na 42 wanaopanda mpaka Mweka nawapigia saluti, mimi sina ugomvi na Mweka. Binti yangu kasema atakuja kusimama kwenye mstari wa kumalizia, nimemuuliza utasema mimi ni nani, kasema itategemea.

Jumamosi iliyopita nilikimbia barabara ya TPC kwenda na kurudi, kilomita 5 na ushee, bila kutembea nguzo hata moja. Wakati napanda kurudi nikamkuta meku kwenye kigoda chake.

"Shikamoo meku."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto?"

"Wazima wote."

"Duka linasemaje?"

"Linaenda, karatasi tu zimepanda bei."

"Rimu saivi shingapi?"

Nikamtajia, na nilikuwa nimeshampita kama hatua 20 ikabidi nigeuze shingo nipige kelele, na yeye akasimama kabisa kwenye kigoda akanipigia kelele na yeye:

"Sasa hapo unatembea! Ongeza!"