Duka la mama lililotimua mbio, na jinsi nilivyoliweza neno "run"

Kama kuna mtu amekuambia Kiingereza kinajulikana kwa kukariri visawe, msalimie sana, kisha mwonyeshe barua yangu ya kuomba kazi.

Niliiandika Arusha baada ya kumaliza kozi ya mapokezi ya hoteli. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa na wimbo mmoja tu: ukirudia neno mara mbili kwenye ukurasa, umeonyesha umaskini wa lugha, tafuta kisawe. Nikaenda kwa wauza vitabu vya mitumba nikapata kitabu cha visawe kisicho na jalada, elfu kumi na kitu hivi, nauli yangu ya wiki nzima. Sasa kwenye barua nilitaka kusema mama yangu anaendesha duka dogo Mbulu. "Run" nilikuwa najua kwamba inafaa hapo, lakini nilishaitumia juu kidogo nilipokuwa najisifia mbio za shuleni. Umaskini wa lugha huo! Nikafungua kitabu, chini ya "run" nikakuta foleni: sprint, dash, bolt, flee, gallop. Nikachukua la kwanza. Limesimama mbele, nikajua ndilo kiranja.

Kwa hiyo meneja wa loji moja ya Karatu akasoma kwamba mama yangu anatimua mbio duka. Tena si mbio za kujinyoosha, ni zile za mita 100, za kutoa roho. Baba, aliyewahi kusimamia shamba la kahawa la watu, nilimpa "gallop", akawa analikimbiza shamba kwa mwendo wa farasi. Yule mama meneja alicheka mpaka akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, hilo duka limefika wapi sasa hivi?" Kazi nilipewa, nadhani kwa huruma. Na barua yangu ilibandikwa jikoni miezi miwili, wapishi wakipita wanasoma.

Ungedhani nimejifunza. Wiki ya tatu, saa mbili usiku, simu ya mapokezi ikalia. Bibi mmoja wa Kiingereza, sauti ya upole, akanieleza kuwa mume wake "is running a temperature". Niliisikia "running" tu, kilichobaki kikapotea hewani. Loji yetu iko ubavuni mwa msitu wa Ngorongoro, nyati wanashuka usiku mpaka kwenye bustani. Nikamjibu kwa adabu zote: samahani mama, kukimbia baada ya jua kuzama hakuruhusiwi, mzee asubiri asubuhi na tutampa mlinzi wa kumsindikiza. Kimya. Bibi akasema pole pole kwamba mume wake yuko kitandani, anatetemeka. Ana homa, jamani. Gari la zahanati lilitoka dakika kumi baadaye, na mzee alipona, lakini mimi sikulala.

Aliyenifungua macho si mwalimu wala kitabu. Ni mgeni Mjerumani aliyekuwa anajifunza Kiswahili, mtu wa maswali mpaka unamkimbia. Asubuhi moja ananijia na kijitabu chake, amekunja uso. Ameandikiwa kwamba kupiga ni kumwadhibu mtu kwa mkono au fimbo. "Dada, simu imewakosea nini mnaipiga? Na pasi? Na picha? Na huyu mtoto anayepiga mswaki, mswaki umefanya nini?" Nikaanza kucheka, halafu nikaongezea mwenyewe: tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya. Nilipofika kwenye kupiga miayo nikanyamaza. Nilijiona mimi kabisa, na duka la mama linakimbia barabara ya Mbulu.

Maana hakuna mtoto wa Kiswahili aliyekaririshwa visawe vya "piga". Alisikia "piga pasi" kama kitu kimoja, kama ugali na mboga yake. Mgeni wangu naye akaniambia kwao wana maneno mawili yanayofanana, rennen la miguu na rinnen la maji yanayotiririka, na Kiingereza cha kale kilikuwa kinabeba yote mawili kwenye neno moja. Hapo pua inayo-"run" ikaacha kunishangaza: ni makamasi yanatiririka, hakuna pua iliyotoka mbio. Bomba vilevile, mto vilevile.

Daftari langu likabadilika siku hiyo. Kitabu cha visawe nilimpa mpishi, anawekea mguu wa meza. Nikawa siandiki "run" peke yake hata siku moja, naandika na jirani yake: na duka, kuendesha, na homa, kuwa nayo, na "out of" sukari, kuishiwa, na "late", kuchelewa. Pembeni nachora kitu, mtu wa vijiti tu, lakini kinashika kuliko tafsiri. Na usiandike zaidi ya tatu kwa siku, nilijaribu kumi nikachanganyikiwa. Mgombea ndiye alinifurahisha zaidi: Marekani anakimbia ("run"), Uingereza anasimama ("stand"), na wote wawili wanatafuta kura zilezile. Kwetu anagombea, angalau sisi tumesema ukweli.

Nikikata tamaa najifariji na kamusi kubwa ya Oxford. Toleo lake la pili, la 1989, lililipa neno "set" maana kama 430, likawa bingwa. Waliporudi kulipanga "run" upya, kitenzi peke yake kikafika 645, na mhariri Peter Gilliver alikaa nacho miezi tisa hivi. Miezi tisa, mimba nzima! Na yeye Kiingereza ni cha kuzaliwa. Mimi daftarini nina 38, na mgeni haniangushi tena kwa simu, nasema hivyo bila aibu.

Isipokuwa Jumamosi iliyopita. Mgeni mmoja, Mwingereza anayejiendeshea mwenyewe, aliingia na vumbi lake akaniambia kwa furaha kwamba ame-"run into" kaka yangu pale mnadani Karatu. Niliruka kaunta nikauliza ameumia wapi, na gari liko wapi. Alikuwa amekutana naye tu, wakanywa soda. Daftari lilikuwa hapo mezani, ukurasa wa saba, maneno yenyewe nimeyapigia mstari mara mbili.