Mboga zangu nimezishusha chini

Nililelewa Lushoto kwa shangazi. Kule mboga hupandwa kwenye matuta yaliyoinuka, ili mvua ikizidi mizizi isioze. Niliporudi kwetu Upareni, upande huu wa mlima unaotazama Makanya, nikainua matuta vilevile. Sukuma wiki ilifika majani manne, ikasinyaa yote. Mawingu ya baharini huupanda mlima kutokea upande wa pili na kumwaga mvua kulekule. Sisi hutufikia upepo. Na tuta lililoinuka hukaushwa na jua juu, upepo ubavuni.

Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuja akatazama, akasema, "Mwanangu, huku mboga tunazishusha chini." Tukayafukua matuta yote. Sasa vitalu vyangu ni mashimo mapana yenye kina cha shibiri moja, yamezungushiwa kingo za udongo. Ndani nimechanganya samadi ya mbuzi iliyooza, juu nimetandaza mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba. Ndoo moja ya maji inatulia palepale nilipoimwaga. Asubuhi nikiinua matandazo kwa vidole, nakuta udongo mweusi, umeshikamana, una ubaridi. Hatua moja pembeni ni vumbi.

Maji yetu yanatoka kwenye ndiva, bwawa dogo walilochimba wazee kukinga maji ya kijito. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka mferejini na kila shamba lina zamu yake. Ni utaratibu ninaouheshimu sana. Lakini kiangazi kikikaza, siku ya zamu yangu maji yananywewa na mfereji kabla hayajanifikia, kwa sababu niko chini kabisa.

Ndipo nikaligeukia bati. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la jiko langu ni mita za mraba 20, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inanipa karibu lita 200, pipa zima. Nilipopiga hesabu hiyo nilinunua gata kwanza, mbegu baadaye. Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda kwenye mgomba na mpapai. Kwenye mboga za majani siyamwagi.

Ila ninachokipenda kuliko vyote ni chungu. Unachukua chungu cha udongo, kipya, maana kilichokwisha kupikiwa matundu yake yameziba kwa mafuta na masizi. Unakifukia hadi shingoni, unakijaza maji, unakifunika ili mbu wasitage. Kinatoa jasho polepole kadiri udongo unavyokauka. Nimepanda nyanya nne kukizunguka kila kimoja, na huwa najaza kila siku ya nne. Msimu ulipoisha nilifukua kimoja nikione. Mizizi ilikuwa imekikumbatia chote, myeupe, myembamba kama nyuzi, imeshika kiasi kwamba nilishindwa kuibandua bila kuikata. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Jirani yangu alipokiona alikiomba, nikampa na miche mitatu.

Leo jioni nimejaza vyungu sita kwa ndoo mbili za lita 20. Vuli bado haijaanza, na nyanya zimeshatoa maua.