Popote niendapo ananifuata

Jumatano, usiku.

Leo nimemnyima mtoto ushindi wake, na jambo hilo limenikaa rohoni hadi saa hizi.

Tulikuwa tunacheza bingo ya vitendawili, Gredi ya 5. Naandika majibu 16 ubaoni: yai, nanasi, kinyonga, giza, jua, mwezi, kivuli na mengineyo. Kila mtoto anachora miraba 9 daftarini, anachagua majibu 9 na kuyapanga apendavyo. Muhula uliopita nilikuwa nimeandika kadi moja tu nikaitolea kopi darasa zima. Watoto 54 wakapaza sauti "bingo!" kwa mpigo mmoja, mchezo ukaishia hapo. Sasa wanachagua wenyewe, na kwa kuwa kuna njia 11,440 za kuchagua maneno 9 kati ya 16, hata kabla ya kuyapanga, si rahisi wawili wafanane.

Natega: "Kitendawili!" Wanaitikia: "Tega!" Nikisema "Kuku wangu katagia miibani," mwenye nanasi anaweka punje ya haragwe juu yake bila kusema neno. Marekani, miaka ya 1920, mchezo huu waliuita beano kwa sababu ya maharagwe kama hayo. Punje tatu kwenye mstari mmoja, umeshinda, na mshindi ndiye anayekuja mbele kutega. Zawadi ni hiyo tu. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza langoni kama nafunza watoto kamari, na alikuwa na haki ya kuuliza, tukijua vijana wetu wanavyomalizwa na kubeti kwenye simu. Nilimwonyesha daftari la mwanawe, tukaelewana. Tangu siku hiyo hata peremende sitoi.

Basi leo nikatega: "Popote niendapo ananifuata."

Msichana wa dawati la tatu, ambaye kwa kawaida huongea akiwa ameinamisha kichwa, akasimama na kusema bingo. Nikaenda kukagua. Punje yake ya mwisho ilikuwa juu ya mwezi.

"Jibu ni kivuli," nikamwambia.

"Mwalimu, nikitumwa dukani usiku, mwezi unanifuata mpaka dukani na kurudi. Na stima zikipotea, kivuli sikioni."

Mvulana wa nyuma akadakia, "Na siku mwezi haupo?" Darasa likaanza kubishana, kwa Kiswahili, sentensi nzima nzima, wengine wamesimama. Ndicho kitu ninachokitafuta tangu Januari. Nami nikagonga meza. Nikawaambia jibu linalojulikana ni kivuli, nikaendelea na mchezo, kwa sababu kipindi kilikuwa kimebaki dakika sita. Yule msichana akaiokota ile punje, akaishika kiganjani, hakuirudisha kwenye mraba mpaka kengele ikalia.

Jioni nimeshuka steji ya Masimba, stima zimepotea mtaa mzima. Mwezi ulikuwa juu ya matangi ya maji ya ploti ya kona. Nikampita mama mboga, nikapita kinyozi, bado uko juu ya matangi, ila sasa ni ya ploti nyingine. Najua sababu yake: uko mbali mno, kama kilomita 384,000, kwa hiyo mwendo wangu wa kutoka stejini hadi nyumbani haubadilishi pale ninapouona angani. Lakini mtoto wa miaka kumi hakuhitaji kilomita. Alitazama juu akiwa na noti yake mkononi, akaona.

Kisha nikatazama chini. Kivuli nacho kilikuwepo, hafifu, kwenye tope lililokauka. Wote wawili walikuwa wananifuata, na mmoja ndiye aliyemleta mwenzake.

Waliotutungia vitendawili hawakuwa na kipindi cha dakika thelathini na tano. Mtu akishindwa alitoa mji, mtegaji akautembelea kwa maneno, usiku ukaenda taratibu. Mimi ndiye niliyeleta haraka. Kuanzia kesho, atakayeleta jibu tofauti atajitetea mbele ya wenzake na darasa litaamua, hata kama tutamaliza kipindi kwa kitendawili kimoja.

Yule msichana ndiye atakayeanza kutega. Nimeyahesabu maharagwe usiku huu, na punje moja haipo. Sitaiulizia.