Siku tuliposoma rasimu mbele ya kijiji

Mwaka 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, na mtu aliyeifahamu kwa magazeti tu angedhani huku wanaishi wabunge peke yao. Habari zilizofunguliwa kwa neno "Dodoma" zilihusu Bunge, mawaziri waliokuwa wanahamia kutoka Dar es Salaam, na viwanja vilivyokuwa vinapimwa. Niliwapa wanafunzi wangu zoezi: kusanyeni magazeti ya kipindi cha Bunge la Bajeti, mtafute humo habari ya kijiji chochote cha Chamwino, Bahi au Kongwa ambayo haikuletwa na ziara ya kiongozi. Walirudi na vipande vichache, karibu vyote vya ajali na upungufu wa chakula. Binti mmoja wa Kondoa akauliza darasani, "Madam, kwa hiyo kijijini hakutokei kitu mpaka mtu afe?"

Swali lile ndilo lililozaa kikundi chetu.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi, bado mgeni kazini, na kazi ya kuratibu kikundi cha kitaaluma cha uandishi wa habari za jamii niliiomba mwenyewe. Hakikuwa na bajeti. Tulikuwa na chumba cha semina kila Alhamisi jioni, na mlezi, mhadhiri mwandamizi aliyewahi kukaa miaka mingi chumba cha habari kabla ya kuja kufundisha. Wanafunzi walikuja kwa hiari, wengine wakiwa na hamu ya cheti cha ushiriki zaidi ya kitu kingine. Hilo halikunisumbua, maana walikaa.

Wenzetu Marekani wana kikundi cha namna hiyo ndani ya AEJMC, chama cha wanaofundisha uandishi wa habari vyuoni, na tulisoma baadhi ya maandishi yanayotoka huko. Yana faida, ila mengi yanamhusu mhariri wa gazeti la kila wiki katika mji mdogo, anayekutana na watu anaowaandika dukani na kanisani. Sisi gazeti la namna hiyo hatukuwa nalo. Basi nikawarudisha nyumbani. Tukasoma habari za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vya kusikiliza redio vijijini, watu wakisikiliza kipindi kisha wakijadili na kuamua wenyewe wachimbe nini na wajenge nini. Tukasoma habari za Elimu Haina Mwisho, gazeti la vijijini lililoanza Kanda ya Ziwa mwaka 1974 kwa ajili ya watu waliokuwa wamejifunza kusoma ukubwani. Tukaja kwenye redio jamii za sasa, Orkonerei kule Terrat, Sengerema, Pangani. Nilichotaka wakione ni kwamba kote huko msikilizaji au msomaji yuko karibu kiasi cha kukujibu, tena usoni.

Suala hilo la kujibu ndilo lililotugombanisha.

Tulikuwa tumeamua kutengeneza gazeti la ukutani na kijiji kimoja cha upande wa Mvumi. Gazeti la kuchapwa lilikuwa nje ya uwezo wetu, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka gazeti liwe na leseni na mwandishi awe na ithibati. Wanafunzi hawakuwa na moja wala la pili. Kwa hiyo ikawa karatasi za manila na maka peni, kazi ya mafunzo, kwa idhini. Barua ya utambulisho ilitoka chuoni ikaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikashuka kwa mtendaji wa kata, ikafika kwa mtendaji wa kijiji. Wanaofanya utafiti vijijini wanaijua ngazi hiyo. Ukiruka hata hatua moja, utarudi ulikotoka.

Habari kuu ilikuwa ya maji. Ilikuwa Novemba, kiangazi kinaishia na mvua bado haijashuka, na Dodoma wakati huo hata mbuzi wanakufuata ukibeba ndoo. Kijiji kilikuwa na kisima kirefu chenye pampu ya dizeli, tangi, na kituo cha kuchotea ambapo ndoo ya lita 20 iliuzwa shilingi 50. Pampu ilikuwa imeharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Watu walikuwa wamelipia ndoo zao muda wote huo, na taarifa ya mapato na matumizi ya kamati ya maji ilikuwa haijasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa muda mrefu, ingawa mkutano huo unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Wanafunzi waliongea na wachotaji, fundi, mwenyekiti wa kijiji na mwalimu. Mhazini wa kamati walimpata mara moja tu, akawaambia ana haraka.

Rasimu ilikuwa nzuri, nasema kweli. Hapo nikapendekeza tuisome yote mbele ya kijiji kabla ya kuibandika.

Mlezi wetu alikataa. Hoja yake ilikuwa na uzito, na sikupenda wanafunzi waione kama ukaidi wa mzee. "Mwandishi hampelekei mtu habari aikague," alisema. "Ukimwonyesha mhazini leo, kesho daftari limepata moto." Nikamjibu kwamba sitaki kumwonyesha mhazini. Nataka asikie saa ileile atakayosikia jirani yake, mwenyekiti wake na mama anayemuuzia karanga. Atakayefichua na atakayejitetea wawe kwenye kivuli kimoja. Mhariri wa Dar es Salaam hana njia ya kuwaita wasomaji wake wote kabla hajachapa. Sisi tunayo. Kwa nini tuiache kwa sababu tu yeye hana?

Yule binti wa Kondoa, aliyekuwa katibu wetu, akaleta hoja ambayo sisi wakubwa tulikuwa hatujaifikia. Je, waliotuambia mambo? Gazeti likibandikwa, mtu anaweza kusema hakulisoma. Likisomwa kwa sauti, watu wote watageuka wamtazame aliyetajwa. Tukakubaliana kwamba kabla ya kusoma, kila aliyenukuliwa atafuatwa nyumbani kwake, asomewe maneno yake peke yake, aseme kama yasomwe, yabaki bila jina, au yafutwe. Ilitugharimu siku nzima ya ziada na nauli tulizochangishana. Mzee mmoja aliomba yake yafutwe, tukayafuta, na habari ikapoteza sentensi yake kali kuliko zote. Mwanafunzi aliyeipata alinuna. Mpaka leo naamini kufuta kulikuwa sahihi. Yule mzee alikuwa amepanga shamba kwa ndugu wa mjumbe wa kamati, na kwetu sentensi ilikuwa sentensi tu.

Jumamosi tulifika kwa Hiace ya kukodi, vumbi mpaka kwenye kope. Mtendaji alikuwa ametangaza. Watu walikaa chini ya mbuyu karibu na ofisi ya kijiji, wazee kwenye mabenchi ya shule, akina mama juu ya khanga upande wa pili, vijana wamesimama na baiskeli. "Mbukwenyi!" mwenyekiti aliwasalimu, wakaitikia kwa pamoja, kisha akatukaribisha. Tulitandika karatasi kwenye ukuta wa ofisi, na upepo wa Dodoma ukazing'oa. Vijana wawili wakajitolea kuzishika pembeni, wakabaki wameshika hivyo mpaka mwisho.

Nilikuwa nimewaambia wanafunzi wasome polepole, na kila aya ikiisha wanyamaze. Aliyesoma ni kijana wa Bahi, ili pale neno likihitaji Kigogo alitie. Aya ya kwanza, kimya. Ya pili, watu wakaanza kutazamana. Ilipofika sentensi ya kwamba mapato ya kituo hayajasomwa mkutanoni, mhazini akasimama.

Nilimtazama mlezi wetu, aliyekuwa amekubali kuja. Alikuwa amefungua daftari lake.

Mhazini alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi vizuri. Alitoa mfukoni kaunta buku ndogo iliyofungwa kwa mpira, ndani yake risiti zimekunjwa nne nne. Hakumsemesha kijana wala mimi. Aliwageukia watu akaanza kusoma: dizeli, tarehe, kiasi. Fundi, tarehe, kiasi. Spea kutoka mjini, nauli ya kuifuata. Alipotaja siku moja ya kununua dizeli, mama aliyekuwa anasimamia kituo akainua mkono. "Baba, wiki hiyo pampu ilikuwa mbovu. Dizeli ya nini?" Mhazini akatafuta, akafunua, akakuta risiti imeingia ukurasa usio wake. Siku nyingine haikuwa na risiti kabisa, akakiri hana. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini vitabu hivi havikuletwa mkutanoni. Akajibu, "Mkutano haujaitishwa, mwenyekiti. Ningesoma wapi?"

Watu wakaguna, safari hii wakimtazama mwenyekiti.

Katika rasimu yetu mwenyekiti alikuwa mtu aliyetoa maelezo, na kamati ndiyo iliyokuwa inaulizwa. Jibu lile moja liligeuza mpangilio wote. Kijana wa Bahi alikuwa ameshachukua maka peni anaandika pembezoni mwa manila, mkono unamtetemeka. Nilijisikia fahari ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nimefundisha somo la kutafuta upande wa pili wa habari kwa slaidi na kwa mitihani, na sijawahi kulifundisha vizuri kama lilivyojifundisha lenyewe pale.

Halafu akasimama mama mmoja aliyekuwa nyuma kabisa, mtoto mgongoni. Alisema yeye ametoka kitongoji cha mbali, na kwamba amesikiliza gazeti lote toka juu mpaka chini, lakini hajasikia habari yake. Huko kwao hawanunui ndoo ya shilingi 50 kwa sababu hawafiki kituoni. Wanachimba mchanga wa mto mkavu, wanasubiri maji yachuruzike, wanateka kwa kata. Watoto wa kike wanashinda foleni hapo. "Pampu ikipona, sisi tunapona?" aliuliza. Akaongeza kwamba hata wale wanaoweza kutembea, kituo hufunguliwa asubuhi, saa ambayo mwanamke yuko shambani anaandaa mashamba kabla ya mvua.

Ukimya ulikuwa mrefu. Mzee mmoja benchini akauvunja. Alisema zamani, wakati wa Mtu ni Afya, walikuwa wakikaa hivihivi na redio katikati, na kila kitongoji kilikuwa na kikundi chake. Leo mnakaa makao makuu ya kijiji mnadhani kijiji chote kipo hapa. Hakuna mwanafunzi aliyemwambia habari za Mtu ni Afya. Katibu wangu alinigeukia macho yamemtoka, kwa sababu Alhamisi mbili tatu nyuma alikuwa amelalamika kwamba mada hiyo ni ya kale mno.

Tulirudi chuoni jioni na rasimu iliyoandikwa pembezoni kotekote. Alhamisi iliyofuata ilikuwa kikao kigumu. Wengine walitaka habari ya mhazini ibaki juu kwa sababu ina mvutano. Katibu akasimamia habari ya mto mkavu ianze, ya fedha ifuate, na ndani ya hiyo ya fedha suala la mkutano usioitishwa lije kabla ya risiti iliyokosekana. Nilimuunga mkono. Mlezi wetu aliomba nafasi. Alisema kwa gazeti la kawaida msimamo wake uko palepale, habari haipelekwi kwa anayeandikwa, na hajaona sababu ya kuubadili. Kwa gazeti la namna hii anakubali isomwe, kwa sharti moja liandikwe kwenye kanuni za kikundi: waliotuamini wasomewe kwanza, faraghani. Hilo tukaliandika. Ndiyo kanuni niliyoipigania kila mwaka nilipokuwa mratibu, hata wageni walipoiona inachelewesha kazi. Inachelewesha kweli. Mtu anayekwambia jambo kijijini ataendelea kuishi pale baada ya wewe kupata alama zako, na hakuna toleo la haraka linalofidia hilo.

Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa kabla ya mwaka kwisha. Wanafunzi waliokuwa hawajaenda likizo walihudhuria, wakakaa nyuma. Mhazini alisoma hesabu yake yote. Ile siku isiyo na risiti ilijadiliwa kwa sauti kubwa, ikaamuliwa kwamba kuanzia hapo manunuzi yawe na shahidi kutoka miongoni mwa wasimamizi wa kituo. Saa za kituo zikaongezwa, kifunguliwe na jioni. Bomba la kitongoji cha mbali halikupata jibu siku ile. Likaingizwa kwenye maombi ya kupelekwa halmashauri, na mama yule akataka lisomwe mara mbili ili asikie limeandikwaje.

Manila mpya zilibandikwa ndani ya veranda ya ofisi, mahali upepo haufiki. Nilipokuwa napiga picha, msimamizi wa kituo alinishika mkono. "Mwalimu, toleo lijalo njooni siku ya mnada," aliniambia. "Mbuzi wetu wanaondoka hapa kwa bei moja, na huko mjini wanauzwa kwa nyingine. Mtuulizie, halafu mje mtusomee."