Mpaka Niseme Achia

Gundi ilikwisha usiku, duka limefungwa, na binti ya dada yangu ana kazi ya mikono ya kupeleka shule asubuhi. Nikabandika sufuria. Unga wa ngano vijiko viwili, maji ya baridi kidogo kidogo mpaka madonge yaishe, ndipo unaongeza kikombe kizima na kuinjika kwenye moto mdogo, unakoroga bila kuacha. Ukianza na maji ya moto umeharibu, unga unashikana nje na kubaki mkavu ndani. Uji ukipoteza ule weupe wake na kuanza kung'aa, epua. Harufu ikanipeleka moja kwa moja Pangani, barazani kwa Mjomba, tulipotengeneza tiara, kishada cha kurusha, mwaka ule aliofariki baba.

Habari ya kifo chake siisimulii hapa. Mama alikuwa ndani, yuko katika eda ya miezi 4 na siku 10, na nyumba imejaa mashangazi. Mimi nilikuwa sisemi. Si kwamba nilikataa, maneno tu yalikuwa hayaji. Naitika kwa kichwa, nakula, naoga, nalala. Nilisomewa, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, ikapigwa mikutano juu yangu mbele yangu. Wengine waliniambia kwamba sasa mimi ndiye mwanamume wa nyumba, jambo ambalo kwa mtoto wa darasa la tatu si faraja hata chembe.

Mjomba hakuniambia kitu. Alikuwa fundi wa kalafati, kazi yake kushindilia pamba kwenye maungio ya mbao za mashua, nyundo na patasi kutwa nzima. Jioni moja, upepo wa kusi umekolea, alirudi na ufagio mpya wa chelewa, akaufungua wote barazani. Shangazi akapiga kelele kuhusu bei ya ufagio. Mjomba akawa anachambua tu, moja baada ya nyingine.

Chelewa ina tabia moja: shinani nene, nchani nyembamba. Ukitumia moja peke yake kwa upana wa tiara, upande mmoja utazidi uzito na tiara itakwenda kombo maisha yake yote. Kwa hiyo kijiti cha kulala unakifanya cha chelewa mbili, shina la hii kwenye ncha ya ile, unafunga uzi mahali patatu, halafu unaweka katikati juu ya kidole uone. Kikiinama, kwangua upande mzito kwa wembe. Kazi ya kidole aliniachia mimi. Kijiti cha kusimama tulikikata sentimita 60, cha kulala 50, tukavikutanisha sentimita 15 kutoka juu. Uzi ukapitishwa kwenye ncha zote nne, umekaza ila haupindi vijiti. Gazeti likakatwa kubwa kuliko uzi kwa vidole viwili, ndio ukingo wa kukunja na kupaka gundi. Na gundi iwe kidogo. Watoto wengi hupaka kama wanasiliba ukuta, ikikauka inavuta karatasi, tiara inajikunja, na uzito juu.

Tuliianika juu ya kabati. Usiku mende wakaja kula ngano yao, wakaondoka na pembe moja. Tukatia kiraka.

Asubuhi yake alifunga uzi mgongoni, kutoka ncha moja ya kijiti cha kulala hadi ya pili, akauvuta mpaka kijiti kikabinuka kiasi cha vidole vitatu. Tiara iliyobinuka hugawa upepo pande mbili, ile bapa huyumba. Mbele, uzi wa miguu miwili, mmoja juu karibu na kichwa, mwingine chini, na pale inapokutana ndipo mshipi, uzi mrefu wa kurushia, unapofungwa, juu kidogo ya njia panda ya vijiti. Fundo likishuka sana, tiara inasimama wima mbele ya upepo, inavuta mkono lakini haipandi. Likipanda sana, inapigapiga na kuangukia uso.

Sasa, kusi la Pangani linatoka baharini linasukuma kwenye minazi, na mnazi ukikamata tiara hauirudishi. Ndiyo maana alingojea bamvua. Maji yakatoka mbali, tukatembea juu ya mchanga mbichi hadi minazi ikabaki nyuma kabisa. Akanipa kopo la mshipi, akanigeuza mgongo wangu uelekee bahari, halafu akaanza kurudi nyuma kuelekea pwani na tiara mkononi, mshipi ukifunguka katikati yetu. Hatua thelathini hivi. Akaiinua kwa mikono miwili, mbele ya uso wake. Akasema, kwa sauti ya juu, "Haya mjomba. Siachii mpaka useme."

Nikatikisa kichwa. Lakini gazeti lilikuwa limemfunika uso, hakuona. Nikavuta mshipi kidogo. Hakuachia. Nilimuona mikono tu, na shuka lake likipigwa na upepo, na miguu iliyozama mchangani hadi vifundoni. Nikatikisa tena, kwa nguvu, kipumbavu, maana nani ananiona. Tiara ilikuwa inatetemeka mikononi mwake kwa kelele, ile kelele ya karatasi inayotaka kwenda. Nilihisi mtetemo wake kwenye kidole. Nikasema, "Achia." Sauti ilitoka na mate. Kimya. Nikarudia. Mtu yule amesimama kama hakuna lililosemwa, na mimi hasira ikanipanda kutoka tumboni, hasira ya kweli, nikapiga ukelele, "ACHIAAA! We Mjomba, achia bwana!"

Akaachia.

Ikapanda, ikazunguka mara mbili, ikachomeka mchangani. "Mkia mfupi!" akapaza sauti. "Tuongeze kiasi gani?" Nikamjibu. Tukachana kanga kuukuu vipande vya upana wa vidole viwili, tukaunganisha hadi mkia ukawa mara tano ya urefu wa tiara, na ikatulia. Najua mngependa niseme hapa kwamba hata mwanadamu anahitaji mzigo nyuma ili asizunguke. Siyasemi hayo. Mkia unatuliza tiara kwa sababu unavutwa na upepo kwa nyuma, basi.

Jioni nilikuwa naongea kiasi cha kuambiwa ninyamaze.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma juu ya Margaret Lowenfeld, daktari wa watoto wa London, aliyefungua kliniki yake mwaka 1928 na kuwawekea watoto trei za bati zenye mchanga, maji na vinyago vidogo, wapange ulimwengu wanaoujua bila kulazimishwa kuueleza kwa mdomo. Hoja yake ni kwamba mtoto hufikiri kwa picha na hisia kabla ya kufikia maneno. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unautaja mchezo kuwa haki ya mtoto. Mashangazi zangu hawakuwa na habari hiyo. Walimsema Mjomba kwa kuchezesha mtoto kwenye nyumba ya msiba, na sidhani kama walikuwa wabaya. Kucheka kwangu kuliwaumiza masikio.

Tiara zilizofuata nilizibuni mwenyewe. Mfuko wa plastiki, rambo, badala ya gazeti, maana gazeti hulowa kwa umande wa chumvi na kuchanika penye gundi (siku hizi rambo huipati, ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019). Kisha nikakunja kipande cha karatasi juu ya uzi wa mgongoni, uzi ukiwa umekaza sana, ili upepo uupige uvume. Upepo ulikuwa unaelekea nyumbani, na hesabu yangu ilikuwa kwamba Mama atausikia akiwa ndani. Nimemuuliza mwaka jana. Anasema hakuwahi kusikia tiara yoyote, alichosikia ni mashine ya kusaga.

Mjomba naye nilimuuliza kama siku ile alifanya makusudi. Akasema nyundo za kalafati zimemuua masikio tangu ujana, hakunisikia mpaka nilipopiga kelele. Inawezekana. Ila upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake. Na jioni ile ile, tukiwa barazani, alimsikia muuza kahawa akigonga vikombe toka nyuma ya msikiti, akanituma mbio.