Seli ya 13

Juzi jioni nilipita Ngamiani hapa Tanga kwa dogo mmoja fundi simu, nikamkuta kafungua betri ya pikipiki ya umeme, mwenye pikipiki analalamika inazima ghafla barabarani na chaji bado inaonesha nusu. Ndani seli 20 zimejipanga, yani vibetri vidogo vinavyounda hiyo betri kubwa, dogo kashika mita anagusa moja moja, volti 3.2, 3.2, 3.3, kufika ya 13 ikasoma 2.1. Akaniambia "unaona mjomba, huyu mmoja ndo anawazimia wenzake". Yani sakiti ya ulinzi ikiona seli moja imeshuka sana inakata betri nzima isije ikaharibika.

Nimeondoka pale nawaza BYD, ile kampuni ya China. Watu wanaitaja kama kampuni ya magari lakini Wang Chuanfu aliianzisha Shenzhen mwaka 1995 kwa kutengeneza betri, na betri zao zimeingia kwenye simu kibao za zamani, magari wamekuja kuyaingia 2003 waliponunua kiwanda cha magari cha watu. Machi 2022 wakaacha kabisa kutengeneza gari za petroli tupu. Mwaka huo waliuza gari kama milioni 1.86, 2024 zikafika milioni 4.27, nyingi kati ya hizo zina chaji na petroli kwa pamoja, afu 2025 zile za umeme mtupu peke yake zikawa kama milioni 2.26 wakampita Tesla wa Marekani aliyeuza kama milioni 1.64. Na mwaka huohuo gari zaidi ya milioni moja, ukijumlisha aina zote, wameziuza nje ya China.

Sasa mi naona huyu dogo wa Ngamiani yuko karibu na hizi gari kuliko fundi wa gereji aliyezoea pistoni na gasketi. Na yule anaesuka mota za pampu pia. Kwasababu ndani ya gari la umeme hamna oili ya injini wala plagi, kuna betri, mota na sakiti, basi, na betri ndo pesa yote ilipo.

Ethiopia walishazuia kuingiza gari za petroli tangu 2024. Sisi bado tunanunua mtumba, na mtumba wa umeme nao utaingia tu, na mtu akienda kununua atakagua rangi, atakagua tairi, ataangalia kilomita, afu atapewa gari ambalo betri imechoka na hakuna wa kumwambia. Hilo ndo linaniuma. Fundi wa kuipima anatakiwa awepo kabla gari halijafika.

Lakini vijana nawaomba sana, betri ya gari msiifungue kama ya pikipiki. Hii ya juzi ni volti sitini na kitu, ya gari ni volti 300, 400 na kuendelea, inaua palepale hata kama gari limezimwa. Inataka glovu zake maalum, inataka mtu aliyefundishwa kuikata umeme kwanza. Wakipata darasa la hilo tu hapahapa Tanga watafika mbali.

Dogo alitafuta seli inayofanana, akaichaji peke yake mpaka ikalingana na wenzake ndo akaiunga. Leo asubuhi mwenye pikipiki kaenda nayo Pongwe na kurudi, haijazima.