Siku Niliyouziwa Limau

Baridi ya Connecticut, Marekani, ilikuwa imeanza kuuma nilipotoa dola 1,800 taslimu kununua gari langu la kwanza. Lilikuwa limepigwa polishi likang'aa kama kioo. Muuzaji, mtu mpole, aliliwasha, likanguruma kidogo kisha likatulia. Sikufunua boneti. Nilikuwa mwanafunzi, mtoto wa Tanga, nimechoka kungoja basi gizani.

Siku ya tisa likachemsha barabarani. Fundi, mzee ambaye oili ilikuwa imezama hadi kwenye mistari ya viganja vyake, alifungua kifuniko cha oili akanionyesha upande wa ndani: ute mzito, rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, maji ya rejeta yakaingia kwenye oili. Akafuta mikono, akaniambia kwa huruma, "Kijana, umeuziwa lemon."

Limau? Nilidhani sijamsikia. Akanieleza kwamba kwao hilo ndilo jina la kitu kibovu, hasa gari, ambalo ubovu wake unaujua ukishalipa. Neno lilishika Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo wanaolihusisha na mashine za kamari zenye picha za matunda, likitokea limau huambulii kitu. Wengine wanasema ni ule uchachu tu. Connecticut yenyewe ilitunga sheria ya "malimau", ya kumlinda aliyeuziwa gari bovu, mwaka 1982, ya kwanza Marekani, lakini ya magari mapya. Langu lilikuwa na miaka 14.

Usiku nikampigia kaka yangu Dar. "Mdogo wangu, hicho ni kimeo. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia." Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni! Wao wana tunda, sisi tuna kinyama cha koo.

Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba yule mtu alijua. Muhula uliofuata tukasomeshwa makala ya mwanauchumi George Akerlof ya 1970, kurasa 13 kuhusu soko la malimau. Muuzaji anajua, mnunuzi hajui; basi mnunuzi anaogopa kutoa bei nzuri, na mwenye gari zima anaona heri abaki nalo. Majarida matatu yaliikataa kabla haijachapishwa; mwaka 2001 Akerlof akapewa Nobeli ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Niliisoma huku nikiuona ule ute.

Gari lilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, dola 200. Alipoanza kuhesabu noti nikamwomba asubiri kwanza, nikafunua boneti, nikafungua kifuniko cha oili.